Kishungi Kimepandishwa Daraja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hayupo lakini ametuma salamu; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yupo na salamu hizo anazo mfukoni; Waheshimiwa Wakurugenzi, Wakurugenzi Wasaidizi, na wale wanaokaimu nafasi za Wakurugenzi Wasaidizi walioko masomoni; Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Maua, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Maua, na mjumbe wa Kamati Ndogo Zaidi; Meneja wa kiwanda cha barafu, jirani yetu, uliyekubali leo kuyasimamisha malori yako kwa saa mbili; viongozi wa dini kwa ujumla wao; walimu, wauguzi, wazee, akina mama, wapakiaji wa barafu, mafundi wa vipaza sauti; na ninyi nyote mliopata turubai na mliokosa turubai: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Kwa wale wachache ambao hawanifahamu, mimi ni Mkurugenzi wa Idara ya Mimea ya Ufukweni, na nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao mwaka juzi ulitambuliwa kwa cheti, ili kuwatangazia kwamba mmea uitwao kishungi, wenye ua dogo la zambarau, mmea ambao haujawahi kuonekana ukiota mahali pengine popote isipokuwa kwenye kipande hiki cha mchanga tulichokikalia, kati ya ukuta wa kiwanda cha barafu na bahari, kuanzia leo saa nne asubuhi umepandishwa daraja rasmi, kutoka "Hatarini Kupindukia" hadi "Hali Inaridhisha". (Makofi ya mstari wa mbele. Mstari wa nyuma wanaulizana kimesemwa nini.)

Ushahidi mnauona kwa macho yenu. Juu ya meza hii ndefu kuna makopo sitini na matatu, yaliyokuwa ya maziwa ya unga kabla Kamati ya Mapambo haijayavisha karatasi za rangi, na ndani ya kila kopo kuna mche mmoja wa kishungi, wenye afya na wenye ua. Mtafiti wetu amenithibitishia kwa maandishi kwamba hivyo ndivyo vishungi vyote vilivyobaki duniani. Vyote viko hapa, kwa hiyo mnapopiga picha naomba msisukumane. (Kicheko.) Na mara nitakapomaliza hotuba hii, ambayo nimeifupisha hadi kurasa thelathini, waheshimiwa sitini na watatu walioteuliwa watateremka na kuvipanda vyote, kila mheshimiwa na chake, pale chini ya bango letu kubwa, ifikapo saa sita kamili mchana, muda ambao mpiga picha ameuchagua kwa sababu ya mwanga. (Makofi. Nyuma kabisa, nje ya turubai, mama mmoja aliyevaa sare ya usafi anasimama. Anayatazama makopo, analitazama bango, kisha anamshika bega dada mwembamba mwenye miwani aliyesimama karibu naye.)

Waheshimiwa, ili muelewe tulikofika lazima muelewe tulikotoka, na ili muelewe tulikotoka lazima niwaeleze nilikokuwa mimi. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa ofisini. Akaingia mtafiti wa mimea, dada mmoja mwembamba mwenye miwani mizito, ambaye kwa sababu hiyo sote tulimwita Miwani, naye akawa anaitika. Akaniambia ametumia siku nne akitembea kwa magoti kwenye kipande hiki cha mchanga, akichomeka kijiti cha meno kando ya kila mche ili asiuhesabu mara mbili, na amepata vishungi mia mbili na kumi na viwili. Nikampongeza. Akasema si habari njema. Nikaiondoa pongezi. Mwaka uliofuata akarudi na vijiti vyake, na safari hii vijiti hamsini na vinane vilimtosha. Hapo ndipo alipoandika ripoti yenye maneno "hatarini kupindukia", na kwa kuwa maneno hayo yaliandikwa kwa wino mwekundu, nikaisoma siku hiyohiyo, ukurasa wa kwanza wote. (Makofi.)

Aliomba mambo matatu. Kwanza, tuweke uzio. Pili, tumuombe Meneja wa kiwanda malori yasiegeshwe mchangani. Tatu, alinikabidhi bahasha ya kaki yenye mbegu alizokusanya kutoka kwenye miche ile hamsini na minane, mbegu ndogo kuliko chembe ya sukari, akaomba zioteshwe kwenye kitalu haraka iwezekanavyo. Kulikuwa na ombi la nne, ambalo alilisema akiwa ameshashika kitasa cha mlango, nalo lilikuwa kwamba tusichelewe.

Idara haikuchelewa. Ndani ya wiki moja niliunda Kamati Kuu ya Maua, na ndani ya mwezi mmoja kamati hiyo ikazaa Kamati Ndogo, ambayo iliketi vikao kumi na vinne kwa mtazamo jumuishi, shirikishi na mtambuka, ikawasikiliza mastekiholda wote muhimu, ikakusanya fidibaki, ikaandaa prisentesheni, na mwishowe ikasafiri kwa ziara ya mafunzo kwenye mji usio na bahari, ili kupata picha halisi ya hali ya mahali ambapo kishungi hakipo. Ripoti ya ziara inathibitisha kwamba hakipo. (Makofi.) Kuhusu uzio, kamati ilibaini kuwa uzio unaweza kuwafanya wananchi wajione wametengwa na mmea wao. Kuhusu malori, tulimwandikia Meneja barua ya kumtakia heri ya mwaka mpya, tukiamini atasoma kati ya mistari. Na kuhusu bahasha ya mbegu, niliiweka kwa mkono wangu mwenyewe ndani ya faili lililoandikwa "Inasubiri Uamuzi", faili ambalo lipo kwenye kabati lenye kufuli, kwa usalama.

Naomba hapa nimtaje mtu mmoja, maana uongozi bora ni kutambua hata wadogo. Ofisini kwetu kuna mhudumu wa usafi ambaye jina lake liko kwenye daftari la mahudhurio, lakini sisi sote, kuanzia mlinzi hadi mimi, tunamwita Shangazi. Siku moja alikuwa akifagia chini ya meza yangu, na mimi nimeinua miguu. Akaniuliza, bila kuinua kichwa: "Bosi, kwani mbegu huota ndani ya faili?" Nikamjibu kwamba faili ni hatua. Akasema sawa, akaendelea kufagia. Mimi nililichukulia jambo hilo kuwa limefungwa.

Sasa nije kwenye mafanikio makubwa, yaani bango. Mnaliona pale. Lina urefu wa mita sita na upana wa mita tisa, na linasomeka kutoka baharini, ingawa baharini hakuna anayesoma. Limeandikwa "Mmea Huu Unalindwa", pamoja na picha ya mmea, ambayo kwa hitilafu ya mchapaji ni ya mmea mwingine, na picha yangu, ambayo ni yangu. (Makofi.) Wataalamu walishauri kwamba bango la mmea liwe karibu na mmea, ndiyo maana msingi wake wa zege ulichimbwa pale ambapo vishungi vilikuwa vimesongamana zaidi, na katika zoezi hilo vishungi thelathini na tisa vilitoa nafasi. Vilibaki kumi na tisa. Hivyo kumi na tisa vilikuwa upande wa mashariki wa bango, ambako mchana kunakuwa na kivuli kizuri sana, na madereva wa malori ya barafu, ambao barafu yao inahitaji kivuli, walikuwa wa kwanza katika jamii kunufaika moja kwa moja na mradi.

Naomba grafu. (Grafu inaoneshwa. Kwa sababu ya jua, haionekani.) Kama mnavyoona, mwaka wa kwanza kishungi kilipungua kwa asilimia sabini na tatu. Mwaka wa pili, baada ya Idara kuingilia kati, kikapungua kwa asilimia sitini na saba tu, ambayo ni nafuu ya asilimia sita. Kikabaki kumi na tisa, na baada ya kivuli kikabaki sifuri. Na tangu wakati huo, ndugu zangu, hakijapungua tena hata kimoja. Kasi ya kupungua imeshuka hadi sifuri na imebaki hapo kwa uthabiti, maana mmea usiokuwepo haupungui, na huu ndio ustahimilivu ambao nchi nyingi zinautafuta. (Makofi. Mwakilishi wa Mgeni Rasmi anaandika kitu kwenye daftari lake, anakifuta. Mama mwenye sare ya usafi anaanza kupita kando ya turubai kuja mbele, taratibu, akiomba samahani kwa kila anayemkanyaga.)

Mwaka jana Miwani alirudi kwa mara ya tatu. Dereva wangu, ambaye hujua mambo kabla ya ofisi, ndiye aliyemsindikiza ufukweni, na aliniambia kwamba yule dada alitoa boksi lake la vijiti vya meno, akapiga magoti, akaenda hivyo kutoka ukuta wa kiwanda hadi majini, akarudi, akaenda tena. Hakuchomeka kijiti hata kimoja. Alipoingia ofisini kwangu magoti ya suruali yake yalikuwa na mchanga, akasimama bila kuketi, akaulizia bahasha.

Nililifungua kabati mbele yake. Nililitoa faili. Bahasha ilikuwepo, ina mhuri, ina namba ya kumbukumbu, kila kitu kiko sawa, isipokuwa ilikuwa nyepesi. Aliigeuza juu ya kiganja chake, akaigonga mara mbili kwa kidole. Hakikutoka kitu isipokuwa vumbi kidogo, na hilo vumbi alilitazama kwa muda mrefu, akalisogeza karibu na miwani. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo haifai kwa shughuli za kiofisi: "Hizi zilikuwa za mwisho."

Mimi nimehudhuria semina arobaini na mbili za uongozi, na hakuna hata moja iliyogusia mtafiti anayelia akiwa amesimama. Nilimpa kitabu cha wageni. Akatia sahihi. Kwenye safu ya maoni akaandika neno moja, "Nimechelewa", nami nikatia sahihi yangu pembeni, kuonesha nimeona.

Wakati huo Shangazi alikuwa kwenye korido anapiga deki. Akauegemeza mpini wa deki ukutani. Akaingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, jambo ambalo nililiandika, akamshika yule dada mkono uleule uliokuwa na vumbi, akamwambia: "Mwanangu, usilie. Vipo kwangu nyumbani." Wakatoka. Waliondoka saa nne na dakika ishirini, katikati ya saa za kazi, na korido ikabaki na maji nusu nzima, hata Mkurugenzi Msaidizi akateleza. Nilimwandikia Shangazi barua ya onyo siku hiyohiyo, kwa kuwa sheria ni msumeno.

Yaliyotokea nyumbani kwake niliyapata kwa dereva, aliyewapeleka kwa gari langu bila kibali. Nayasema hapa kwa sababu za uwazi na uwajibikaji. Kumbe, ile siku aliyoniuliza kuhusu faili, Shangazi alisubiri nikaenda chai, akazichukua mbegu akazikunja kwenye pindo la leso, na bahasha akairudisha mahali pake ili faili lisipungue. Akaokota makopo ya maziwa kwenye jalala la kantini, akayatoboa matako kwa msumari, akaleta mchanga wa hapa ufukweni kidogokidogo kwa bakuli lake la chakula, akayapanga kwenye dirisha la nyuma, kule kwenye vyoo. Mara ya kwanza alizimwagilia kama anavyomwagilia mboga, zikaoza karibu zote. Akakaa siku mbili hasemi na mtu, na sisi tukadhani ni meno. Kisha akagundua kwamba kopo moja lililokuwa pembeni, ambalo alilisahau, lilikuwa na kijani. Ndipo akaelewa kwamba kishungi hakitaki kubembelezwa. Mbegu zilizosalia akaziotesha upya kwa maji ya kijiko kimoja baada ya siku tatu, na ikaota miche kumi na saba.

Mimi makopo hayo nilishawahi kuyaona. Ulikuja ukaguzi wa usafi, nikapita huko nyuma, nikakuta vyombo chakavu dirishani, nikaagiza viondolewe mara moja. Shangazi alisema sawa bosi. Aliyabeba hadi kwake kwenye beseni, safari tatu, akitembea upande wa kivuli. Mume wake, ambaye ni fundi viatu, akaihamishia meza yake ya kazi nje ya uzio ili makopo yapate nafasi. Mama mkwe wake alinuna. Kila asubuhi alisema wenzao wanaotesha mboga, wao wanaotesha vitu vya kutazama. Lakini dereva anasema kila siku, jua likifika utosini, ni yeye huyohuyo mama mkwe anayetoka na shuka lake mwenyewe na kuyafunika.

Siku ile Miwani alipoingia kwenye ua wa nyumba hiyo, kulikuwa na makopo arobaini na moja, maana miche ilikwishazaa mbegu zake, na mengi yalikuwa na maua. Dereva anasema dada alikaa kwenye kigoda cha fundi viatu. Alihesabu. Akavua miwani, akaifuta, akahesabu tena. Mama mkwe akamuuliza kama ni mgonjwa. Akasema hapana, mama, nimepona. (Minong'ono. Mwalimu mmoja anajifuta macho kwa ratiba. Shangazi amefika kwenye meza. Anaingiza kidole kwenye mchanga wa kopo la kwanza, anakitoa haraka.)

Mwezi uliopita, waheshimiwa, ilikuja barua kutoka juu, ikiuliza Idara imefanya nini kuhusu kishungi. Nilimwambia dereva anipeleke kwa Shangazi. Niliingia kwenye ule ua wa nyumba nikiwa na tai, wakanipa kigoda, na mama mkwe akanitazama kama anayekumbuka sura ya bango. Sikukaa. Niliinama kulitazama ua moja kwa karibu, kwa sababu za kitaalamu, na nikagundua kwamba lina harufu, kama ya nguo iliyoanikwa juani. Nimekuwa Mkurugenzi wa Mimea ya Ufukweni kwa miaka kumi na moja, na sikuwa nimewahi kuinama.

Nilipoinuka nilikuwa tayari na jina la mradi. Mradi Jumuishi wa Uhuishaji Endelevu wa Kishungi, kwa kifupi MJUEKI. (Makofi.) Nikamuomba Shangazi atuazime makopo kwa ajili ya maonyesho ya leo. Aliuliza ni ya kutazamwa tu, nikamwambia ya kutazamwa. Aliuliza yatarudi saa ngapi, nikamwambia kwa mujibu wa ratiba. Suala la kuvipanda chini ya bango liliingizwa kwenye ratiba baadaye, na Kamati ya Mapambo, baada ya mpiga picha kueleza kuhusu mwanga, na sikuona haja ya kumsumbua mhudumu wa usafi kwa mambo ya kisera.

Namuona Shangazi amesimama hapa mezani. Ni jambo zuri, linaonesha ushirikishwaji. Kwa kuwa huu ni mradi wa watu, nampa kipaza sauti kwa sekunde thelathini. (Shangazi anakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Bosi, ulisema ni ya kutazamwa. Mchanga umeshapata moto. Mkivitoa humu saa sita na kuviweka pale penye zege, kesho havipo. Na hakuna vingine." Anakirudisha kipaza sauti, anakifuta kwanza kwa pindo la sare. Hakuna anayepiga makofi.)

Tumesikia. Maoni hayo ni mazuri na yatachukuliwa. Hata hivyo ratiba imekwishachapishwa, kwa rangi, na Mheshimiwa Mwakilishi ana kikao kingine saa nane, kwa hiyo nashauri tuendelee na ukurasa wa kumi na tisa, unaohusu maono yangu ya miaka hamsini. (Dada mwenye miwani amefika mbele. Anachukua makopo mawili na kuyapeleka chini ya kivuli cha turubai. Anarudi. Shangazi anachukua mengine mawili.) Naomba mtafiti aache kwanza. Naomba Shangazi aache. Hayo makopo yamepangwa kwa mujibu wa itifaki, lile la kwanza ni la Mheshimiwa Mwakilishi. (Mwalimu aliyekuwa akijifuta macho anainuka, anachukua kopo. Wapakiaji wawili wa kiwanda cha barafu wanainuka. Watu wanajipanga mstari kutoka mezani hadi barabarani, na makopo yanapita mkono kwa mkono.)

Ndugu zangu, tusifike huko. Nataka kuwakumbusha kwa upole kwamba miche hiyo si mali ya mtu binafsi. Ni mali ya mradi, na kuondoa mali ya mradi kwenye eneo la tukio kuna kifungu chake. Karani wa masjala yuko wapi? Mama, hebu nenda hapo ng'ambo ofisini, uniletee jalada la MJUEKI, tuwasomee wananchi orodha ya mali, tumalize ubishi. (Karani wa masjala, mama mtu mzima mwenye funguo kiunoni, anaondoka kwa mwendo wake wa kawaida.) Wakati tukimsubiri, ukurasa wa kumi na tisa. Maono yangu. Ifikapo miaka hamsini ijayo, kila mwananchi, kwa wastani, atakuwa na vishungi vinne nukta mbili, isipokuwa wanaoishi milimani ambao watapewa kipaumbele. Tutakuwa na Taasisi ya Kishungi, Siku ya Kishungi, na dawati la kishungi katika kila ofisi, na dawati hilo litakuwa na mtu, na mtu huyo atakuwa na kiti. (Makopo yanapita mbele ya mstari wa waheshimiwa. Mwakilishi wa Mgeni Rasmi anapokea kopo, analitazama ua, analinusa, anampa Meneja wa kiwanda. Meneja anampa mpakiaji wake.) Mheshimiwa, hiyo siyo sehemu ya ratiba. Naam? Mheshimiwa anasema alidhani ndiyo.

Na dereva wangu naye, namuona amefungua milango yote ya gari langu, na buti, na anatandika shuka ndani. Dereva. Dereva, nakuita kwa kipaza sauti. Anaitikia kwa kichwa. Basi, angalau tunajua anasikia. Shangazi, hebu basi tuambie, kwa taarifa tu za Idara, unavipeleka wapi? (Shangazi, bila kipaza sauti, akiwa na kopo la mwisho kifuani: "Nyuma ya zahanati, bosi, kwa dada yangu mkunga. Kuna mchanga kama huu na amezungusha wavu. Vitakaa kwenye makopo mpaka mvua, mvua ikija mwanangu Miwani ndiye atakayesema pa kuvipanda." Anaingia kwenye gari, kiti cha mbele. Miwani anaingia nyuma na kubana magoti katikati ya makopo. Gari linaondoka taratibu sana.)

Karani amerudi. Asante, mama. Umeniletea karatasi moja, nami kama mnavyojua huwa sifichi kitu, kila karatasi ninayopewa jukwaani huisoma yote. Inasema: "Mkurugenzi, nimetafuta kabati zote nne. Jalada la MJUEKI halipo na halijawahi kufunguliwa. Hakuna andiko, hakuna kibali, hakuna orodha ya mali. Jina hilo nimelikuta sehemu moja tu, kwenye kadi ya mwaliko wa leo. Kwa hiyo makopo ni ya Shangazi." Na hapo amepiga mhuri. (Makofi, yanaanzia nyuma, nje ya turubai, yanakuja mbele na hayaishi haraka.)

Nashukuru. Nashukuru kwa makofi hayo, ambayo nayapokea kwa niaba ya Idara. Sasa tusimame sote kwa kaulimbiu. Kishungi hoyee! (Hoyee.) Takwimu juu! (Juu.) Bango liwepo! (Wachache.) Kishungi chetu, mkakati wetu! (Watu wanakusanya viti.)

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru Kamati Kuu, Kamati Ndogo na Kamati Ndogo Zaidi kwa kuusimamia kwa weledi mradi ambao, kwa mujibu wa karatasi hii, haukuwahi kuwepo, na ambao kwa sababu hiyo ndio pekee katika historia ya Idara uliokamilika kabla ya kuanza, bila kuchelewa hata siku moja. Namshukuru Mheshimiwa Mwakilishi kwa kukubali kuuzindua, na namuomba akate utepe, kwa kuwa utepe upo. (Utepe unakatwa mbele ya meza tupu.) Daraja jipya la kishungi, "Hali Inaridhisha", linabaki kama lilivyotangazwa, maana hali, kwa kweli, kwa kadiri nilivyoliona lile gari likikata kona, inaridhisha. Mwisho, nawashukuru ninyi nyote kwa kunisikiliza, na kama kuna yeyote mwenye usafiri unaoelekea mjini, naomba asiondoke kabla hatujaonana.